Asikae Mtu Kabla Yangu

9 Machi

Kwa Bibi, mke wangu wa kwanza na wa mwisho (hao wa katikati tutawazungumzia siku nyingine),

Shika ukuta kwanza ndipo usome, maana habari za ukubwa wangu zinaweza kukuangusha. Mumeo mimi sasa ndiye fundi bora wa samani katika mji huu wote, pamoja na miji ya jirani ambayo bado haijapata taarifa. Nikiingia karakana asubuhi, viti vyenye mguu mfupi vinajinyoosha vyenyewe kwa heshima. Meza zilizopinda zinaona haya. Juzi mteja alileta kabati lisilofungika, nikalitazama tu, likafunga. Fundi mkuu, huyu mzee tunayemwita Msasa kwa sababu akikusemesha unatoka umechubuka, anasema mimi ni mvivu na kwamba mdomo wangu ukifungwa mkanda unaweza kuendesha mashine ya kuranda. Wivu huo. Nimeuzoea.

Shikamoo. Nimechelewa kukuamkia lakini heshima ipo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, chumba tunachopanga kinavuja upande wa mwenzangu tu, kwa hiyo sina malalamiko. Viatu ulivyonitumia vinabana lakini vinavutia watu. Mama hajambo? Mwambie shati halijapotea, limeazimwa.

Sasa kiti. Dereva wa lori alikifikisha juzi, kimefungwa magunia kama maiti. Nikawaita wenzangu wote: njooni muone kiti cha babu yangu, mti mweusi, kazi ya nyundo na patasi, majani yamechongwa mgongoni mpaka unataka kuyamwagilia, na kila mkono unaishia na kichwa cha simba amepanua kinywa. Wakaja. Nikafungua magunia kwa madaha.

Bibi, nauliza kwa adabu: ulikuwa umeolewa na mtu au na fisi?

Kwanza harufu. Ilitoka kabla ya kiti. Jasho la zamani, tumbaku, na kitu cha tatu ambacho hata mbwa wa jirani alikuja kukinusa, akaondoka ameinamisha kichwa. Halafu mikono ya kiti: inanata. Niliweka kiganja, kiganja kikabaki. Halafu nikachungulia kinywani mwa simba wa kulia. Kumbe babu alipomaliza kutafuna tumbaku alikuwa anamlisha simba! Donge juu ya donge, limekauka, lina alama za meno. Simba wa kushoto hali kadhalika, ila yeye kaongezewa nta ya masikio kwenye manyoya. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikawaambia huo ni utamaduni wa watu wakubwa, hawawezi kuelewa.

Lakini usijali. Msasa anataka kung'oa kikalio chote cha ukindu akisuke upya. Nimemkatalia. Pale katikati kuna bonde alilolichimba babu kwa makalio yake miaka yote ile, na mimi najua mapenzi. Nitaua kunguni, nitakaza kamba kwa chini, bonde libaki lilivyo, uwe unalitazama na kumkumbuka marehemu.

Mumeo,
Fundi Mkuu Mtarajiwa


2 Aprili

Kidomo,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa dereva wiki nzima kwa sababu lori liliharibika, naye likiharibika anaharibika pamoja nalo. Ile simu uliyomwachia mama yako sitaki kuigusa, inaningurumia sikioni kama nzi kwenye kopo. Endelea kuandika, hata kama mwandiko wako ni wa kuku aliyekanyaga wino.

Mama yako hajambo, mgongo unamsumbua. Kuku wawili wamekufa, mmoja tumemla. Paa la jikoni limeshonwa. Shati analitaka.

Kuhusu kiti, nani kakwambia nataka kumbukumbu? Ng'oa. Kikalio chote, na kamba za chini, na misumari kama ina kutu. Choma moto. Usimpe mtu, usiweke kipande. Hilo bonde usilitazame mara mbili. Wachokonoe hao simba mpaka kooni. Kisha mwambie mzee Msasa asuke kikalio kipya, kinyoofu kama ubao, kisiwe na alama ya mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa.

Nataka kukaa mimi.

Mjomba wako anakuja Agosti. Ameandika kwamba kiti cha baba yake kiwekwe sebuleni chini ya picha ya marehemu, kifungwe utepe, asikae mtu. Nimemjibu kwamba kimepelekwa kwa fundi, basi. Sikumwambia zaidi. Nataka afungue mlango anikute nimekaa humo, mikono juu ya simba, miguu imenyooka. Sitasema neno. Yeye ndiye atafute la kusema.

Usiniulize maswali. Fanya kazi.

Bibi yako, ambaye bado yuko hai


30 Aprili

Mke wangu mkali,

Shikamoo tena mara nyingi. Sisi huku wazima isipokuwa mwenzangu wa chumbani, mvua imemhamisha kitanda. Mimi nimenenepa. Wasichana wa mtaa wanasema nimekuwa mtu mzima, hawakusema kwa mdomo lakini niliona.

Nimetii. Kikalio tulikikata kwa kisu nyuma ya karakana, na ninaomba siku ya hukumu nihesabiwe thawabu. Bibi, kunguni walitoka kama watu wanaotoka uwanjani timu yao imefungwa. Wazee, akina mama, watoto, wote wekundu kwa damu yetu ya ukoo. Nadhani kuna mjomba wangu mle. Chini yao kulikuwa na makombo ya miaka, nywele, kifungo, mfupa wa kuku, na kucha za miguu. Kucha, bibi! Nene, za njano, zimekatwa na kupenyezwa katikati ya kamba moja moja, kama mtu anayeweka akiba. Msasa, ambaye nimemwona akila chakula kilichoangukia kwenye vumbi la mbao, alifunika pua na kofia.

Simba niliwachokonoa kwa msumari. Donge la mwisho la yule wa kulia lilitoka likiwa bado na unyevu. Sijui liliutoa wapi, babu ana miaka miwili kaburini. Lilinirukia mdomoni. Hapo nilitapika mbele ya karakana nzima, na kwa bahati mbaya ndipo Mama Birika alikuwa anapita. Huyu ni mama anayetuuzia chai, mnene, miguu mibovu, ulimi mzima. Alitua birika lake akasema, "Wacheni apumzike, mimba changa ina shida zake." Tangu siku hiyo ananiita Mama Kijacho. Karakana yote imemfuata. Hata wateja. Nitamlipizia, wewe ngoja.

Kikalio cha zamani kimeungua vizuri. Moshi wake ulikuwa mweusi, majirani walidhani tunachoma tairi.

Sasa tunasubiri ukindu. Msasa hasuki ila ukindu aliouchagua kwa mkono wake. Unalowekwa majini, unasukwa ukiwa mbichi, kisha unaachwa kivulini ujikaze wenyewe. Anasema ukiugusa kabla haujakauka unalegea na hauna dawa ila kufumua na kuanza upya. Akishasema jambo mara tatu anaongeza kibao cha kisogo, kwa hiyo nimelielewa mara nne.

Ulisema nisiulize. Nauliza. Mama aliwahi kuniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kukuona umekaa kwenye kile kiti, hata babu akiwa safarini. Ulikuwa unaogopa kunguni au ulikuwa unamwogopa yeye?

Mumeo aliyetapika kwa ajili yako


21 Mei

Kidomo,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako amelima upande wa chini na mgongo umemlaza. Mjomba wako ameandika tena, atafika tarehe ishirini Agosti na mkewe na wageni wake wa kazini. Utepe ameshanunua.

Umeuliza, nitakujibu mara moja tu.

Babu yako alikirithi kile kiti kwa baba yake. Mimi nilipoolewa nilipewa kigoda. Sikuona ubaya, kila nyumba ina mambo yake. Akila, nasimama. Akimaliza, namnawisha. Akikata kucha, nainama kuziokota, na zile ambazo sikuziona kumbe ndizo ulizokutana nazo wewe.

Mimba ya mama yako ilinivimbisha miguu nisiweze kuvaa hata kandambili. Siku moja babu yako alikwenda msibani. Nyumba ilikuwa kimya, nikakaa kwenye kiti. Niseme ukweli, kilikuwa kizuri. Usingizi ukanichukua.

Nilipofumbua macho alikuwa amesimama mlangoni na wageni. Hakunipiga. Hakufoka. Angefoka ningekuwa nimeshasahau. Aliniambia kwa sauti ya upole, "Inuka, mke wangu." Nikainuka. Akaagiza beseni la maji ya moto na sabuni ya kipande. Akakunja mikono ya shati, akakiosha kiti yeye mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kuosha kijiko. Akasugua kikalio, akasugua mgongo, akasugua simba, mpaka pale nilipokuwa nimeegemeza kichwa. Wageni wanatazama. Mmoja akacheka puani. Kisha akakitoa nje juani, akasimama wima mpaka kikauke, asikae kwingine.

Nami nilisimama. Ningekaa wapi?

Alipougua nilimwosha mtu yule kila siku, mavi na matapishi, kwa mikono hii hii, na sikukunja uso. Nilitaka aone namna uso unavyokaa. Sijui kama aliona.

Kwa hiyo sikumwogopa wala sikuogopa kunguni. Nilikuwa nakionea kinyaa kile kiti, na nilikuwa nakitaka. Mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Kikishasukwa asikae mtu kabla yangu. Si wewe, si fundi, si paka.

Bibi yako


3 Julai

Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama kama inavyoniacha mimi. Mama hajambo? Mgongo wake umepona? Mpe pole. Kuku je? Wabaki wazima. Jirani zako wote wasalimie, na wale wa ng'ambo ya kisima, na yule mzee wa mbuzi.

Huku mvua zimekwisha. Vumbi limeanza. Mwenzangu wa chumbani amerudisha kitanda mahali pake. Shati la mama nimelipata na nimelifua, litakuja na dereva.

Kiti kinaendelea. Ukindu umetusumbua kidogo, imebidi Msasa aanze tena. Kimekawia kwa sababu hiyo. Tumbo pia lilinisumbua.

Barua yako niliipata.

Mjukuu wako


18 Julai

Kidomo,

Marahaba. Mgongo wa mama yako ni uleule, kuku ni walewale, na yule mzee wa mbuzi hujawahi kumsalimia maisha yako yote.

Umeniandikia barua ya mtu mwenye deni. Hakuna matusi, hakuna wasichana, hujajiita fundi mkuu hata mara moja. "Ukindu umetusumbua." Ukindu haujawahi kumsumbua mtu, watu ndio wanausumbua.

Umekikalia.

Nakujua. Ulikaa ukajipiga picha, kikabonyea, mzee akafumua. Kama ni hivyo sema, nikutukane, tumalize. Kisha nipe kiti changu. Mjomba wako ameshawaambia watu wake kuhusu picha na utepe. Siku zinakwenda, nami magoti yangu hayana subira ya kukusubiri wewe utafute maneno.

Bibi yako


6 Agosti

Kwa Bibi,

Shikamoo. Barua hii inakuja na kiti chenyewe, dereva amekifunga kwa mablanketi na nimemwapisha. Kifungue kiti kwanza. Barua inaweza kungoja.

Umeona? Si unaona? Mti umerudi mweusi wenye kung'aa, hatukuupaka chochote cha dukani, nimeusugua kwa nta na kitambaa mpaka mkono wangu mmoja ukawa mnene kuliko mwingine. Vinywa vya simba ni vitupu. Ingiza kidole, usiogope, wana meno mazuri kumbe, na ulimi umechongwa mle ndani ambao sidhani kama hata baba yake babu aliwahi kuuona. Kikalio ni ubao mtupu. Nilimwaga mbegu za mtama juu yake kupima, zikakaa zilipoangukia, hakuna iliyobingirika. Msasa alikizunguka akakosa tusi. Akakizunguka tena, akakosa. Akaenda kumtukana mtu mwingine. Nadhani mimi ndiye kijana pekee duniani aliyewahi kumnyamazisha, na hilo liandikwe.

Hajakaa mtu. Nakuapia kwa mama. Picha sikupiga. Paka tulimfukuza. Kwa hiyo katika barua yako ulikosea, na nilifurahi sana ulipokosea, nikapanga kukujibu kwa maringo: bibi, umenionea, mimi ni malaika. Nikashika kalamu. Nikaandika mstari huo. Nikauchana.

Kikalio hiki ni cha pili. Cha kwanza alikimaliza Msasa mwezi wa tano, siku chache baada ya wewe kuandika ile barua ndefu, na barua ilikuwa bado kwa dereva. Kilikuwa kinakauka kivulini mlangoni. Nilikaa karibu nacho kukilinda, nikijisifu kwa kila anayepita. Kiti cha kifalme, nawaambia. Mti wa miaka na miaka. Babu yangu hakuruhusu hata nzi atue. Nilikuwa naongeza chumvi tu, bibi. Sikujua kwamba ni kweli.

Akaja Mama Birika. Jua lilikuwa kali na miguu yake imefura. Aligawa chai mpaka birika likaisha, akatafuta pa kukaa, benchi limejaa wateja. Akauliza, "Mama Kijacho, hiki kiti chako kinauma?" Kabla sijajibu akakaa. Aliachia pumzi moja ndefu, kama tairi. Akafumba macho.

Karakana nzima ikanigeukia kuona nitafanyaje. Wewe unanijua mimi na watu wakinitazama.

Ningeweza kumwambia kwamba ukindu ni mbichi. Angeinuka mwenyewe na kuomba radhi. Badala yake niliinama, nikamwambia kwa upole kabisa, sauti ya mhudumu wa hoteli, "Inuka, mama." Akainuka anacheka, anadhani tunataniana, na mimi nilidhani hivyohivyo. Nikachukua ndoo ya kulowekea ukindu, nikachukua sabuni tunayonawia gundi, nikakunja mikono ya shati. Nikapiga magoti. Nikakiosha pale alipokaa. Nikasugua, nikanusa brashi, nikakunja uso kama mtu aliyenusa maiti, nikasugua tena. Watu wakavunjika mbavu. Nikainua kidole kimoja kama daktari, nikasema bado kidogo. Nilichekwa siku hiyo kuliko siku zote za maisha yangu, na nilisikia raha. Sitakuficha kwamba nilisikia raha.

Nilipoinua macho yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anakusanya vikombe. Kimoja kilikuwa mkononi mwa mteja bado kina chai, akakichukua hivyohivyo.

Ukindu ukalegea, sabuni ikautia madoa. Msasa akakifumua chote na kuanza upya, na kila kamba aliyoifumua alinitajia jina la mnyama. Hayo niliyavumilia. Kumbe wakati ule naosha dereva alikuwa ameshafika, amesimama na wale wanaocheka. Alinipa barua yako huku anajifuta machozi. Niliisoma palepale, brashi ikiwa kwenye ndoo, mapovu hayajakauka mikononi. Nilipofika pale ulipoandika kuhusu aliyecheka puani, nilinyanyua kichwa nikamtazama dereva, naye bado anacheka.

Sikutapika. Afadhali ningetapika. Kucha za babu nilizishika kwa vidole na zikaisha. Hii karaha niliyonayo sasa naosha mikono na haitoki, nakula chakula naihisi kwenye mate.

Nilimfuata kesho yake. Yuko upande wa pili wa barabara sasa, anauzia watu wa gereji. Nilisema samahani. Akanimiminia chai, akanipa, akageuka kumhudumia mtu mwingine. Nikaimaliza, nikaweka kikombe. Hakuniita Mama Kijacho. Aliniita "mteja".

Kaa kwenye kiti chako, bibi. Wewe ndiye wa kwanza kwenye ukindu huu, na Mjomba akifungua mlango usiinuke hata akileta mkuu wake wa kazi. Nilitaka sana nije nione uso wake. Sitakuja mwezi huu. Mama amewahi kusema mimi na babu tumefanana kisogo na mwendo, nikawa najivunia. Sijui wewe ukinitazama unamwona nani, na sitaki uwe umekaa humo, siku yako hiyo, halafu nikaingia mimi mlangoni.

Ulinituma nikutolee kinyaa kwenye kiti. Kazi nimeifanya, hakuna fundi angeifanya vizuri zaidi. Lakini mama yule alikuwa amechoka miguu, akakaa kidogo, na mimi nilikiosha kiti nyuma yake mbele ya watu.